Safu ya Chini ya Machimboni

Aliyepewa kusema kwa niaba ya watu hasemi habari ya nyumba yake. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika Zedekiah Were maisha yake yote. Aliipokea kwa baba yake, aliyekuwa liguru, yaani mkuu wa kijiji, huko Bunyore. Baba yake aliwahi kuamua ugomvi wa maji wakati ambapo mfereji wa boma lake mwenyewe ulikuwa umezibwa, wala hakutaja kiu ya watoto wake hata kidogo. Jirani ndiye aliyesimama mwishoni akasema, "Na huyu mzee anayetuamulia, mbona hamumwulizi kwake wanakunywa nini?" Wazee wakacheka, wakaamuru mfereji uzibuliwe. Zedekiah alikuwa bado mchunga mbuzi, lakini aliiona heshima aliyopewa baba yake siku ile, na hakuisahau.

Kanuni hiyo ilikuwa na sehemu ya pili, ngumu kuliko ya kwanza. Usimwombe mtu akusemee. Ukimwomba jirani akutetee, umejitetea mwenyewe kwa kinywa cha kuazima. Ungoje. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kwa kanuni hiyo Zedekiah alikuja Nairobi, akawa fundi seremala katika karakana ya Kalasinga mmoja nyuma ya River Road, akichonga milango na fremu za madirisha. Hakunywa pombe. Hakuiba hata kipande cha mbao cha kuwashia moto, ingawa wenzake walikuwa wakitoka na mbao ndani ya makoti. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na watu walipogombana walimwendea yeye kabla ya kumwendea mchungaji. Tusimdharau mtu wa namna hiyo. Katika miaka ile ya Hali ya Hatari, jirani alipokuwa akimwuza jirani kwa neno moja, mtu mwenye kanuni alikuwa adimu kama mvua ya Januari.

Alikaa Machimboni, upande wa magharibi wa mji, kabla hujafika Uthiru. Palikuwa na machimbo ya mawe hapo zamani. Kampuni ilipomaliza mawe ikaondoka, ikaacha shimo kubwa juu ya kilima, na wafanyakazi wake, wengi wao watu waliotoka magharibi ya Kenya, wakabaki kwenye mteremko katika nyumba walizojijengea. Hakuna aliyewapa ardhi ile na hakuna aliyewafukuza. Nyumba zilikuwa safu mbili. Safu ya juu ilikuwa karibu na shimo. Safu ya chini ilikuwa karibu na chemchemi. Nyumba ya Zedekiah ilikuwa ya kwanza katika safu ya chini. Nyuma ya safu hiyo, penye migomba, ndipo walipozikwa watoto wa Machimboni waliokufa kwa surua na kifua. Lornah, binti wa pekee wa Zedekiah na Selpher, alilala hapo. Hawakupata mtoto mwingine. Watu waliendelea kuwaita Baba Lornah na Mama Lornah, nao waliitika.

Mwaka wa 1957 wapimaji walikuja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika, wakaenda zao. Watu wakanong'ona. Baada ya muda akaja Mzungu kijana, mwenye kaptura na soksi ndefu, pamoja na kibali cha D.O., yaani afisa wa wilaya, cha kukusanya watu, maana mkutano bila kibali ulikuwa kifungo. Jumamosi alasiri aliitandaza ramani juu ya meza ya Milcah, muuza uji, akaiwekea mawe pembeni isipeperuke.

"Mimi nakuja kuuliza, hapana kuja kuvunja," alisema kwa Kiswahili cha mashambani. "Baraza la mji sasa naanza kutengeneza mpango mpya ya hii upande yote. Wapi barabara, wapi nyumba, wapi shule. Lakini bado. Hii mpango iko kama mtoto ndani ya tumbo. Hapana jina bado."

"Na baba yake ni nani?" akauliza Jamleck, muuza makaa wa safu ya juu, mtu ambaye hakuweza kukaa kimya hata kwenye matanga. Watu wakaangua kicheko, na Mzungu akacheka pia ingawa huenda hakuelewa.

Kisha akawaonyesha. Kwenye ramani kulikuwa na mstari wa penseli, barabara pana ya malori, na mstari huo ulipita juu ya safu ya chini yote, chemchemi, migomba na makaburi. Watu waliacha kucheka.

"Hii ni penseli tu," akasema. "Naweza kufuta. Barabara naweza kwenda juu pia, pale shimo, kama sisi najaza mawe. Lakini lazima mtu naomba. Nyinyi nachagua mzee moja. Yeye nakuja mjini siku ya kusikiliza, nasema maneno ya watu yote. Kama nyinyi hapana taka huu mstari, sema siku ile. Kama hapana sema, sisi nafikiri nyinyi napenda."

Alisema hivyo waziwazi mbele ya wote. Lazima tulikumbuke neno hilo, maana baadaye wako waliotaka kulaumu ramani na penseli.

Alipoondoka, watu walimtaja Zedekiah bila kubishana. Ni Jamleck tu aliyeinua mkono mweusi kwa makaa.

"Mimi simkatai mzee," alisema. "Lakini nyumba yake iko chini. Tukimtuma yeye, atafika huko alilie paa lake, na zahanati yetu na shule yetu zisahaulike. Si kila mtu hupika chakula chake kwanza?"

"Wee Jamleck, funga gunia lako!" akafoka Milcah. Wengine walicheka.

Zedekiah hakucheka. Maneno yale yalimwingia mahali ambapo aliweka jina la baba yake. Alisimama, akavua kofia.

"Ndugu zangu," alisema, "mkinituma, nitasema habari ya zahanati, ya shule, ya maji na ya njia ya kupita usiku. Nyumba yangu sitaitaja. Mbele ya Mungu na mbele yenu, sitaitaja."

Wakampigia makofi. Safu ya juu ilipiga makofi kwa nguvu zaidi. Wakamchagua na Isaiah, mwashi kijana wa safu ya juu, aende naye kuwa shahidi. Philister, mjane aliyekaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na Zedekiah, hakupiga makofi. Alimfuata njiani wakati wa kurudi.

"Shemeji," alimwambia, "nimesikia hutaitaja nyumba yako. Ni vyema. Lakini yako ni mlango wa safu tu. Nyuma yake niko mimi, na nyuma yangu wako wengine. Ukinyamaza juu ya yako, yangu utaitajaje?"

"Isaiah atakuwepo. Yeye hana nyumba chini. Akisema yeye, neno litakuwa safi."

"Umemwambia aseme?"

"Ana macho, Philister. Ameuona mstari kama wewe ulivyouona."

"Mficha uchi hazai, shemeji," akasema mjane yule, akaingia kwake.

Jioni ile Selpher alimwekea ugali na mboga za kunde, akakaa mbele yake bila kula. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu kifo cha Lornah yalikuwa yamepungua zaidi.

"Baba Lornah, kwani utasema habari ya makaburi?"

"Makaburi yako safu ya chini."

"Hilo najua. Nimeuliza kama utasema."

"Nikitaja makaburi nimetaja nyumba. Watasema nimemfanya mtoto wangu aliyekufa kuwa wakili."

"Si awe wakili basi? Yeye anapungukiwa nini?"

Zedekiah akaacha kula. "Usiseme hivyo, Selpher."

"Basi nenda umwambie Isaiah. Nyumba yake ni pale juu tu. Nenda sasa, ugali nitaufunika."

"Mtu haombi kuombewa. Nikimwomba yeye, ni mimi nimesema."

Selpher aliinuka akaondoa sahani, na hakumwuliza tena.

Ni hapa ninapotaka msomaji asimame kidogo. Kanuni ya liguru wa Bunyore ilikuwa kanuni njema. Lakini ilizaliwa mahali ambapo kila mtu alijua mfereji wa kila mtu, na jirani aliyenyamaza angeaibika mbele ya wote. Kanuni ile ilisimama juu ya majirani. Zedekiah aliing'oa penye udongo wake akaibeba mpaka mjini, kisha akadhani itaota yenyewe bila kumwagiliwa. Na tuseme ukweli zaidi: hakuishika kwa ajili ya safu ya juu wala ya chini. Aliishika kwa sababu aliogopa ulimi wa muuza makaa.

Siku ya kusikiliza, Zedekiah na Isaiah walikwenda mjini wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Wakaingizwa katika chumba kirefu cha baraza chenye sakafu ya mbao zilizong'arishwa. Ramani ilitundikwa ukutani, imekuwa kubwa sasa, na mistari ile ile ya penseli. Mezani walikaa Wazungu na Mhindi mmoja. Pembeni alisimama mkalimani aliyeitwa Haron, mtu wa Kiambu, mwenye tai na sauti ya upole.

Kabla ya Machimboni waliitwa wengine. Alisimama bibi wa Kizungu aliyekaa ng'ambo ya mto, akasema kwamba mstari mmoja ulikata uwanja anapowafanyisha mazoezi farasi wake. Alisema habari ya farasi kwa majina yao. Alisema habari ya ua wa maua ambao mama yake aliupanda. Mara moja alitoa leso. Haron aliyafasiri yote kwa sauti ya chini, kwa ajili ya watu weusi waliokaa kwenye benchi la nyuma.

"Hana haya," Zedekiah alimnong'oneza Isaiah. "Tangu aliposimama ni mimi, mimi, mimi."

"Tazama lakini, mzee," Isaiah akanong'ona. "Yule mwenye miwani amechukua kifutio."

Na ni kweli. Mtu mwenye miwani aliondoka kitini, akaufuta mstari wa bibi yule ukutani kwa mkono wake, akauchora upya pembeni kidogo. Bibi akashukuru, akavaa glavu zake, akatoka.

Ndipo wakaitwa Machimboni. Zedekiah alisimama wima. Tangu aanze kuzungumza mbele za watu hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Alisema habari ya kina mama wanaojifungulia njiani kwa sababu zahanati iko mbali. Alisema habari ya watoto wanaokaa chini ya mti mmoja madarasa yote pamoja. Hakulia wala hakujikomba. Waliokaa mezani walikuwa wakitikisa vichwa kukubali na kuandika, na Haron alikuwa akifasiri kwa furaha, maana mkalimani naye hupenda maneno mazuri.

Alipomaliza, mwenyekiti akaelekeza fimbo kwenye ramani, penye safu ya chini, akasema neno.

"Mwenyekiti anashukuru," Haron akafasiri. "Anauliza, juu ya barabara hii ya malori inayopita hapa chini, watu wa Machimboni wana neno?"

Zedekiah alinyamaza. Aligeuza kichwa kidogo kumtazama Isaiah. Isaiah alikuwa ameinamisha macho, anatazama viatu vyake, kama mtoto aliyelelewa vizuri anapokuwa mbele ya mkubwa wake anayetafakari.

Mwenyekiti akasema tena.

"Mzee," Haron akasema, na sasa sauti yake ilikuwa na haraka, "wanauliza mara ya pili. Hapa watu wanakaa au hawakai? Kama mna neno, hata moja tu, sema. Huu ndio wakati wake."

Zedekiah alifungua kinywa. Waliokuwepo walisema walimwona akifungua. Kisha akakifunga, akamtazama Isaiah tena, akangoja. Isaiah naye aliona kichwa cha mzee kimeinuliwa na midomo imebanwa, akazidi kuinama.

Mwenyekiti akageuza karatasi. "Hakuna," Haron akasema polepole, akifasiri yale yaliyosemwa mezani. "Wenyeji hawana pingamizi. Asanteni, mnaweza kwenda."

Nje kwenye ngazi, jua likiwachoma, Zedekiah alimshika Isaiah kiwiko.

"Mbona hukusema?"

Isaiah akashangaa. "Mimi? Mzee, mimi nilikungoja wewe. Wewe ndiye uliyekuwa umesimama."

"Uliuona mstari!"

"Niliuona. Lakini uliapa mbele ya watu wote. Nikasema, nikiitaja safu ya chini nitakuwa nimemvunjia mzee kiapo chake hadharani. Halafu mdogo hasimami mbele ya mkubwa bila kupewa nafasi. Nilikuwa nangoja ugeuke useme tu, 'Ndugu Isaiah ana neno.' Hayo maneno tu, mzee."

"Niligeuka."

"Hukusema kitu! Nilidhani unanionya."

Wapita njia waliwapita na vikapu vyao. Hatimaye Isaiah akamshika mkono.

"Bado wamo ndani. Yule mkalimani ni mtu mwema, ameonyesha. Jina lililoitwa ni lako, mimi hawatanisikiliza peke yangu. Wewe simama mlangoni tu, useme, 'Huyu aseme,' mimi nitasema yote. Makaburi nitayasema. Habari ya Philister nitaisema. Twende, mzee, tafadhali."

Mlango ulikuwa wazi. Askari wa mlangoni alikuwa amekaa kwenye kibao anakula karanga, na hangewazuia. Haya yote Zedekiah aliyaona.

"Nikikurudisha kwa mkono wangu," alisema, "ni mimi nimekutuma. Watasema mzee wa kanisa aliapa, kisha akazunguka nyuma."

"Nani atasema? Jamleck? Jamleck ni gunia la makaa, mzee!"

"Kanuni ni kanuni, Isaiah."

Akavaa kofia akashuka ngazi. Isaiah alibaki amesimama, akiangalia mara mlango, mara mgongo wa mzee, mpaka watu wa mezani wakaanza kutoka wakicheka na kuwasha sigara. Ndipo naye akashuka.

Habari zilipofika Machimboni, safu ya juu haikushangilia. Jamleck mwenyewe alikuja mpaka mlangoni kwa Zedekiah, amenawa mikono, kitu ambacho hakikuonekana mara nyingi.

"Mzee," alisema, "yale maneno yangu yalikuwa mzaha wa mkutano. Unanijua. Hata kwenye harusi yangu mwenyewe nilimtania mchungaji. Sasa wewe ukaenda ukayafanya Biblia?"

Selpher alikuwa ndani, amesikia yote, naye hakutoka.

Mpango uliandikwa. Penseli ikawa wino. Isaiah alirudi mjini mara nyingi kwa nafsi yake, akakaa kwenye mabenchi, akaambiwa kila mara kwa adabu kwamba Machimboni waliulizwa na hawakukataa. Na lilikuwa neno la kweli. Mtu aliyedhulumiwa anaweza angalau kushiriki uchungu na wenzake dhidi ya mdhalimu. Watu wa safu ya chini hawakupewa hata kitulizo hicho. Waliulizwa mara mbili.

Zedekiah aliendelea kwenda kazini, akaendelea kuchonga milango ya nyumba za watu wengine. Kanisani alijiondoa katika kazi ya mzee wa kanisa bila kuombwa na mtu. Watu hawakumtukana. Walimwamkia kama zamani, lakini ugomvi wao hawakumletea tena.

Mwaka wa 1959, kabla ya mvua, vikaja vigingi, kisha trekta. Watu wa safu ya chini waliruhusiwa kuchukua mabati na mbao. Philister alimtwika binti yake mzigo wa sufuria, akaenda kuomba pembe ya chumba kwa kaka yake upande wa mashariki wa mji, mtu mzima naye akawa mwombaji. Kuhusu makaburi, karani alikuja akasema anayetaka anaweza kufukua mifupa na kuihamisha. Wazee wakasema kaburi la mtoto halifukuliwi, ni kuita kifo kirudi, na pia hapakuwa na ardhi ya kuihamishia. Yakaachwa. Migomba ilisukumwa kwa siku moja na asubuhi ya pili yake, na juu yake ikamwagwa changarawe nyekundu.

Selpher alisimama penye safu ya juu akatazama mpaka mwisho. Kisha alimgeukia mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya kunde alilirudia swali.

"Sasa unaweza kuniambia. Ulifungua kinywa mle ndani, Isaiah aliniambia. Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema, 'Lornah,'" Zedekiah akajibu.

"Ungesema," alisema Selpher.

Alifunga nguo zake, akapanda treni kwenda Bunyore kwa ndugu zake. Zedekiah alimwandikia, akamfuata mara moja mpaka kwao, akapewa kiti na chai kama mgeni. Hakurudi naye. Alikodi kitanda katika chumba cha wanaume huko mjini, karibu na karakana. Malori yalipita Machimboni mchana kutwa, na penye barabara ile hakuna aliyeweza tena kuonyesha kwa kidole kaburi gani lilikuwa wapi.

Kanuni aliishika mpaka mwisho. Ilimgharimu nyumba, mke, na mahali pa kumlilia mtoto wake. Majirani zake wa safu ya chini, ambao hawakuapa kitu, iliwagharimu nyumba zao zote na makaburi ya watoto wao.